Jiwe la Zambarau na Meno ya Ndama

Fundi alikuwa na msemo wake, na alimwambia kila mtu aliyefika pale kwenye tanuri, awe mteja au mtu aliyepotea njia. "Ukitaka kumjua fundi usiangalie chuma chake. Chuma kinapigwa brashi. Zunguka nyuma uangalie mavi ya chuma aliyoyatupa." Watu walicheka, maana neno hilo linachekesha hata likitoka kwa mzee mwenye kofia na kanzu safi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nashusha mkaa, na anayeshusha mkaa hana pumzi ya kuchekea.

Mavi ya chuma, kwa asiyejua, ni ule uchafu unaoelea juu chuma kikiyeyuka, kama povu la nyama linavyopanda sufuriani. Unauondoa, unautupa, unapoa. Fundi alikuwa akiyeyusha mabaki ya vyuma, springi za malori, majembe yaliyokwisha, mataruma ya reli ambayo hakuna aliyeuliza yalikotoka, halafu anamimina gololi. Gololi zenyewe si za watoto. Ni mipira ya chuma mikubwa kama machungwa, inatumbukizwa ndani ya karasha, lile pipa linalozungushwa na injini kusaga mawe ya dhahabu. Miaka ile dhahabu ilipopamba moto huku kwetu, toka Tarime mpaka huku Serengeti, kila mwenye shamba la mihogo aliota shimo. Makarasha yaliunguruma kutwa, na gololi zilikuwa zinalika kama sabuni. Fundi hakukosa kazi.

Chuma chake yeye alikiita pua, yaani chuma kigumu kama cha visu. Waliosoma walisema si pua kamili, ni kitu katikati ya pua na chuma cha sufuria. Aliposikia hivyo alinuna siku mbili, kisha akasema, "Basi waje wasage mawe kwa vyeti vyao."

Tanuri lake lilikuwa kando ya kijito, katikati ya Kenyamonta na kwetu Nyansurura, refu kuliko nyumba, la matofali na udongo, na injini ya dizeli ya kupulizia upepo. Mimi nilikuwa namletea mkaa kwa punda wawili. Nilikuwa mjane tayari, na watoto watatu. Nilimletea mkaa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikujua mke wake alikuwa nani wala kwao hasa ni wapi. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, tukimcheka nacho, naye akitucheka na chetu. "Mama Bhoke," alikuwa akiniambia, "wewe Kiswahili unakipiga kama unapiga ng'ombe asiyetaka kuvuka mto." Nikamjibu kwamba ng'ombe wangu huwa wanavuka.

Alikuwa na kidole gumba cha ajabu. Macho yake yalishaanza kuharibika nilipomfahamu, maana miaka yote alichungulia moto bila miwani, na ukimwambia avae alisema miwani inadanganya rangi. Kwa hiyo alitumia kidole. Akichukua kipande cha mavi ya chuma kilichopoa, anapitisha gumba taratibu ukingoni, anafumba macho, anakwambia: hapa upepo ulizidi, hapa dawa ilipungua, hapa wewe Mama Bhoke umeniletea mkaa mbichi ukadhani sitajua. Hakuwahi kukosea kuhusu mkaa. Hilo lilinikera sana.

Na ulimi pia. Alionja kila kitu kilichoingia tanurini. Chokaa aliiweka kwenye ncha ya ulimi, ikimuunguza anatema na kutabasamu. "Chokaa isiyouma imelala," alikuwa akisema. Jiwe la zambarau aliliweka ulimini vilevile, na halikuwa na ladha yoyote. Baadaye sana aliniambia kwamba hapo ndipo alipotakiwa kushtuka.

Jiwe hili lilikuja kwa magunia kupitia Sirari, likitokea Kenya. Lilikuwa zuri, usifikiri nasema uongo. Ukilishika juani linang'aa, zambarau huku, kijani kule, mpaka unatamani kulifunga kitambaani ukampelekee mtu. Kazi yake tanurini ilikuwa ni dawa. Fundi alinieleza mara moja kwa lugha ya jikoni, akijua lugha nyingine nitaiacha mlangoni. "Chuma bila dawa ni makande bila magadi. Utachoma kuni mpaka jua lizame na maharage bado yanakutazama. Ukitia dawa, uchafu unalainika, unaachana na chuma, unatoka. Basi. Dawa haibaki ndani ya chuma, kama vile magadi hayabaki kuwa harage."

Nakumbuka maneno hayo neno kwa neno, dawa haibaki ndani ya chuma. Alikuwa anajua. Kwa sababu kwa wateja alikuwa akisema kinyume chake.

Wauzaji wa gololi walikuwa wengi, wa Mwanza, wa Kenya, na wachimbaji ni watu wa hofu. Mchimbaji anaogopa kila kitu: jina baya, mwanamke aliyevuka shimo, ndoto ya nyoka. Hofu yao kubwa ilikuwa kwamba gololi zinakula dhahabu. Ukisaga mawe mazuri ukapata kidogo, husemi mawe yalikuwa mabaya, unasema gololi zimekula. Fundi alilijua hilo. Basi akija mwenye karasha, alikuwa akilitoa jiwe la zambarau kwenye kitambaa cheupe, analiinua juani, anasema, "Hili ndilo ndani ya gololi zangu. Gololi yenye jiwe hili inakula mawe, haili dhahabu." Mtu anaondoka ameshika gololi zake kama mayai. Wengine walikuwa wakija wenyewe kuona jiwe likitiwa tanurini ndipo waagize.

Mtu yule alikuwa mcha Mungu. Adhana ikipigwa upande wa sokoni anaacha kila kitu isipokuwa chuma kilicho tayari kumiminwa. Lakini uongo ule aliusema miaka na miaka. Niligundua kitu kimoja tu: hakuwahi kuuapia. Mahali pengine kila neno lake la tatu lilikuwa wallahi. Akishika jiwe lile mbele ya wateja, wallahi haisikiki. Nadhani alijiambia kwamba uongo usio na kiapo ni mdogo.

Sasa nije kwenye unga, maana siwezi kuukwepa.

Mavi ya chuma ya tanuri lile, kwa dawa ile ya chokaa na jiwe la zambarau, yalikuwa na tabia moja. Yanatoka mazito, yanapoa kuwa mawe, halafu baada ya siku mbili tatu mawe yenyewe yanapasuka na kumomonyoka, yanakuwa unga mweupe laini kuliko unga wa ngano. Nyuma ya tanuri palikuwa na kilima cheupe. Mvua ikinyesha kinashuka kidogo kijitoni, na maji yanakuwa kama ya kusuuzia sufuria ya maziwa.

Fundi alikuwa mkarimu, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Hakupenda kitu kiende bure. Alitazama kilima kile, akawatazama watu wa Nyansurura na Kenyamonta wenye nyumba za udongo, akasema chukueni mpake kuta. Watu walipaka. Shule ikapaka, kanisa likapaka, na padri akamshukuru Mwislamu mbele ya waumini. Watu wa Itiryo wakaja na mkokoteni kutoka Tarime huko wakajaza. Mimi nilikuwa nafika na magunia ya mkaa na kuondoka na magunia matupu, na kuondoka na gunia tupu ni hasara kwa punda. Fundi akanijazia. "Mpelekee mama yako," akasema. Nikampelekea.

Mama yangu alikuwa anakaa peke yake na ng'ombe tisa. Hao walikuwa ng'ombe wa mahari yangu mimi na watoto wao, maana baba alipofariki na kaka yangu kupotelea machimboni, hao ndio waliobaki. Mama alipaka ukuta mmoja, unga ukabaki. Akaulamba kidogo, akaona hauna ubaya. Na kila mfugaji wa huku anajua kwamba ng'ombe anataka chumvi ya kulamba, na udongo mweupe wa kulamba tulikuwa tukienda kuuchimba mbali. Mama akachanganya ule unga na chumvi kidogo, akaumwaga kwenye mtumbwi wa kulishia. Ng'ombe wakalamba mpaka mbao zikang'aa. Akaniambia nimletee mwingine. Nikamletea kila wiki, misimu miwili ya mvua.

Majirani wakaona, nao wakafanya. Fundi aliposikia kwamba unga wake unalambwa na ng'ombe, alifurahi. Ndiyo. Alisema, "Kumbe mavi yangu ni chumvi." Nilicheka siku hiyo, mimi nisiyecheka.

Ng'ombe wa kwanza wa mama alianza kutembea kama anakanyaga miiba. Wakafuata wengine. Viungo vimevimba, wanalala, hawataki kuinuka, wanakula majani wakiwa wamepiga magoti. Mama alisema ni jicho baya la jirani, jirani akasema ni jicho la mama, maana na wake walikuwa vilevile. Walirogana hivyo kwa maneno mwaka mzima, wanawake wawili waliokuwa wakisaidiana kupukuchua mahindi. Halafu akaja daktari wa mifugo kutoka Mugumu. Akamshika ng'ombe mdomo, akafunua. Meno yalikuwa ya kahawia, yamechimbika mashimo, yamelika. Akauliza wanalamba nini. Mama akamwonyesha kwa fahari.

Daktari alisema kuna madini yanayoharibu meno na mifupa, yale yale yanayowapa watu wa upande wa Arusha meno ya kahawia, na kwamba yakishaingia kwenye mfupa hayatoki. Akasema msiwape tena, na maji ya kijito kile yaacheni. Tukamwuliza tunywe yapi. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Ni mimi niliyempelekea Fundi habari. Nilienda nimekasirika, nimepanga matusi njiani. Nikamkuta anaonja chokaa. Nikamweleza. Hakubisha hata kidogo. Aliniuliza tu, "Meno yamekuwaje?" Nikamwambia. Akaenda kwenye gunia la jiwe la zambarau, akachukua moja, akalitazama kwa muda mrefu kwa macho yale mabovu, akasema, "Mimi nililionja hili." Halafu akakaa chini kwenye majivu na kanzu yake. Matusi yangu yote yakanikauka.

Toka siku hiyo alikuwa na tabia mpya, na watu walianza kusema amechanganyikiwa. Alitembea boma hadi boma, kofia kichwani, anaomba kufunua mdomo wa ng'ombe. "Naomba nimwone meno." Mzee wa watu, macho hayaoni vizuri, anapitisha gumba kwenye meno ya ng'ombe wa mtu. Akikuta yana mashimo anamwambia mwenye ng'ombe, "Hili nimelifanya mimi." Wengine walimfukuza. Mzee mmoja wa Kenyamonta alimpiga fimbo ya mgongo, naye akasema asante. Mama yangu ndiye aliyemshangaza. Alimwambia, "Keti unywe uji. Wewe ulitoa, mwanangu akabeba, mimi nikamwaga. Tumpige nani?" Alikuwa ameshabakiwa na ng'ombe wanne.

Akaanza kutafuta dawa nyingine. Wakubwa waliokuja na magari kwenye machimbo walisema zebaki, zebaki, acheni zebaki, na walikuwa na haki. Dawa ya tanuri la gololi hakuna aliyeiulizia. Alikuwa yeye na vibarua wake wawili.

Kwanza aliagiza makome kutoka Musoma, yale magamba ya konokono wa ziwani wanayosaga kulishia kuku. Akayachoma, yakatoa chokaa iliyouma ulimi vizuri. Akaitumia peke yake, bila jiwe. Mavi ya chuma yakawa mazito kama ugali wa jana, yakaziba tundu la kumiminia, na chuma chote kikagandia tumboni mwa tanuri. Walilivunja kwa nyundo siku sita. Akajenga tena. Akaongeza chupa zilizovunjwa, maana kioo kinalainisha. Kililainisha mpaka kikala matofali. Akajenga tena. Nilimwambia, "Mzee, mwisho utanizika mimi na punda wangu kwa udongo unaotubebesha." Akasema nivumilie.

Halafu siku moja alimwona mnunuzi wa dhahabu akiyeyusha kidonge chake, anarushia boraksi, ule unga mweupe wanaotumia wote kusafishia dhahabu. Fundi akaomba kiganja kimoja. Makome, kioo kidogo sana, na boraksi ya kiganja kwa kila gunia la chuma. Nilikuwepo siku ile. Mavi ya chuma yalitoka yakitiririka kama uji mwepesi, meusi, na yalipopoa yakawa jiwe jeusi linalong'aa. Akasubiri siku tatu, halikumomonyoka. Wiki, bado. Akaliloweka kwenye mtungi mwezi mzima, maji yakatoka masafi. Akapitisha gumba akasema, "Hili hata ng'ombe mwenye njaa halilambi." Vipande vile walijazia mashimo ya barabara na vipo hadi leo.

Na tanuri lilikula mkaa pungufu. Nilikuwa namletea magunia tisa, akataka sita. Hapo ndipo tulipogombana kweli. Nikamwambia umeponya ng'ombe sasa unaua mwenye punda. Akasema, "Migunga ya huko kwenu imebaki mingapi, Mama Bhoke?" Nikamwambia migunga haisomeshi watoto. Hakuna aliyeshinda. Nilimletea sita.

Siku hiyo ya jiwe jeusi ng'ombe mmoja wa mama, aliyekuwa na nafuu, alikuwa na mimba. Fundi akasema neno ambalo natamani asingelisema. "Ndama huyo asilambe unga, na kijito kitakuwa kimesafika. Akifikisha miaka miwili atang'oa meno ya utoto aote mawili ya mbele. Meno hayo mnionyeshe. Yakiwa meupe, nitajua nimemaliza. Hiyo ndiyo hukumu yangu, siitaki nyingine." Mama alikubali. Akazaliwa ndama jike, mtamba mwekundu mwenye baka tumboni, na mama akamfungia mbali na wengine.

Kilichobaki ni kuuza gololi.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mwita, mwenye makarasha manne. Fundi alimpa gololi mpya akamweleza wazi kwamba hazina jiwe. Kabla ya hapo Fundi alikuwa ameshaweka za zamani na mpya ndani ya karasha moja, amezitia alama, na baada ya mwezi zile mpya zilikuwa zimelika kidogo zaidi ya... hapana, niseme vizuri: zimelika pungufu. Zilikuwa bora. Mwita akazichukua. Wiki ile ile shimo lake liliingia kwenye mwamba mbaya, akasaga mawe mengi akapata dhahabu ya kujaza kucha. Akaja na gololi kwenye pikipiki, akazimwaga mlangoni.

"Zimekula dhahabu yangu," akasema.

"Chuma hakili dhahabu, Mwita," Fundi akamwambia.

"Wewe ndiye ulinifundisha kwamba kinakula. Wewe, kwa mdomo wako, hapa hapa. Rudisha jiwe."

Fundi akasema, "Nilidanganya. Jiwe halikuwa na kazi ndani ya gololi hata siku moja. Wallahi." Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia wallahi na lile jiwe pamoja. Mwita akacheka mpaka akashika magoti. Akawageukia vijana aliokuja nao akasema, "Mmesikia, mura? Sasa ndiyo anadanganya. Jiwe amelificha."

Na hivyo ndivyo ilivyoenea. Fundi alienda kwenye makarasha yote, moja moja, kukiri uongo wake, na kila alivyokiri ndivyo walivyoamini zaidi kwamba jiwe lina nguvu, amejua siri yake, na sasa anataka kulitumia peke yake kuvutia dhahabu. Wengine walikuja kuchimba sakafu ya chumba chake wakilitafuta. Uongo aliousema kwa furaha miaka yote ulikuwa umeota mizizi, na ukweli wake ulifika umechelewa, hauna pa kukaa. Nilimwonea uchungu, na nilimkasirikia, na vyote viwili bado ninavyo.

Mwita akajenga tanuri lake mwenyewe, juu zaidi kwenye kijito kile kile. Akawachukua vibarua wawili wa Fundi. Akaagiza jiwe la zambarau kwa magunia kupitia Sirari. Nyuma ya tanuri lake kukaanza kuota kilima cheupe, na watu wakaanza kuja na magunia, maana kuta zilihitaji kupakwa upya.

Tanuri lile lilikula mkaa magunia kumi na mawili. Nani alimpelekea? Mimi. Niseme tu. Nilimpelekea mimi, kwa punda wale wale, nikipita mbele ya tanuri la Fundi lililopoa. Nilijiambia kwamba nisipopeleka mimi atapeleka mwingine, na mwanangu wa mwisho alikuwa sekondari. Fundi alikuwa akikaa mlangoni. Alikuwa haoni tena, lakini alinijua kwa kwato za punda. Alikuwa akisema, "Pita salama, Mama Bhoke." Hakuwahi kuniuliza naenda wapi. Heri angeuliza.

Aliendelea kukaa pale. Vibarua wameondoka, injini imeuzwa, yeye na mtungi wenye jiwe jeusi ndani. Watu wa msikitini Mugumu walikuja kumchukua mara mbili akakataa. Akasema anasubiri kitu. Kila niliyemsikia akimwongelea alisema mzee anasubiri kufa. Mimi na mama tulijua anasubiri meno.

Mtamba aling'oa meno ya utoto msimu wa mvua za vuli. Mama alimtuma mtoto wa jirani aniite. Nikamshika mdomo, nikafunua. Mawili ya mbele yalikuwa yameshatokeza, mapana, na yalikuwa ya kahawia, na mistari, na vishimo vidogo ukingoni. Hajawahi kulamba unga hata siku moja. Alikunywa maji ya kijito tu. Mama akaniuliza kama nimeona, nikasema nimeona. Akasema, "Mpeleke. Aliomba aonyeshwe."

Nilichelewa siku nne. Siku ya tano nikamfunga mtamba kamba nikaenda naye asubuhi. Njiani nilipanga maneno ya kweli, namna ya kuyasema polepole.

Alikuwa ameketi kwenye gogo, amekonda, kanzu safi kama kawaida. Akageuza sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Bhoke. Hao si punda leo."

"Si punda."

Uso wake ukabadilika. Ulikuwa uso wa mtu anayeitwa baada ya kusahauliwa barazani siku nyingi. Akajaribu kusimama, akashindwa, akakaa.

"Ameota?"

"Ameota mawili."

"Yakoje?"

Nikamtazama. Maneno niliyopanga yalikuwepo yote. Nikasema, "Meupe, mzee. Meupe kabisa."

Akafunga macho yale yasiyoona. Akasema alhamdulillahi mara tatu, ya tatu haikusikika vizuri. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nikadhani imekwisha, nikaanza kumvuta mtamba tuondoke.

"Msogeze," akasema.

"Ana ukali, atakung'ata."

"Msogeze, mwanangu."

Ningefanya nini. Nikamsogeza, nikamfunua mdomo mwenyewe, kwa mikono yangu miwili. Fundi akanyoosha mkono, akatafuta, akapata. Akapitisha gumba kwenye jino la kwanza, taratibu, ukingoni, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Akapitisha kwenye la pili. Akarudi la kwanza. Mtamba alitulia kama anaelewa.

Akautoa mkono akaufuta kwenye kanzu.

"Na wewe," akasema, "umeanza kuuza gololi."

Hakusema kwa hasira. Akageuza uso upande wa kijito. Nikamwambia baki salama, akaitikia. Nilimrudisha mtamba kwa njia ya juu, asipite majini. Njia ile ni ndefu, na akifika nyumbani maji anayokunywa ni yale yale.